Hodi Isiyo na Mgeni

"Tunanunua mawe yenye dhahabu. Tunakuja ulipo."

Scolastika aliyasoma maneno hayo mara tatu, kisu cha kumenyea viazi mkono wa kulia, simu mkono wa kushoto. Alikuwa akisoma habari za mbegu za alizeti. Katikati ya habari, mahali ambapo sentensi ilitakiwa kuendelea, palikuwa pamekaa picha ya mwanamume wa shati jeupe, ameshika mizani midogo, anatabasamu kama mgeni aliyekwisha kuletewa kiti. Tunakuja ulipo. Amejuaje nilipo? Na nani kamwambia habari ya jiwe?

Aliinua macho taratibu, kama mtu anayehesabu kuku wake. Juu ya jabali, Aneth, mke wa mwanawe, alikuwa amepiga magoti akigeuza michembe, viazi vilivyokatwakatwa na kuanikwa tangu juzi, kipande kwa kipande. Mimba ya miezi sita ilimfanya akae upande upande. Hakutazama chini. Scolastika aliona kwamba hakutazama, na akaanza kujiuliza kwa nini.

Watu wa nyumba ile walikuwa hao wawili tu. Ngassa, mwana wa mmoja na mume wa mwingine, alikuwa machimboni mbele ya Geita, mahali ambapo ili upate mtandao unapanda kilima. Alikuwa amewaachia simu yake ya kupangusa, yenye ufa wa kioo kama mto na vijito vyake, nao waliitumia kwa zamu. Aliahidi kurudi mwisho wa mwezi.

Jiwe lenyewe lilitoka shambani. Wiki tatu nyuma Scolastika alikuwa akifukua viazi kwenye tuta la mwisho, lile linalopakana na mchongoma, jembe likagonga kitu kikalia. Alitoa jiwe jeupe la ukubwa wa ngumi, lina mishipa ya kutu, na ndani ya kutu palikuwa na cheche. Mtu mwingine angelitupa. Lakini yeye alikuwa ameishi na mume mchimbaji miaka ishirini na miwili kabla hajafiwa, akafundishwa jambo moja: ulanga hung'aa juani tu, dhahabu hata ukiitia kivulini haizimiki. Akalitia jiwe chini ya kanga yake, akachungulia. Cheche ilikuwa palepale, inamtazama.

Hakupiga kelele. Alimjua mzee mmoja wa kijiji cha pili aliyepiga kelele. Asubuhi alishangilia, adhuhuri watu wakaja na sururu, siku ya tatu shamba lake la pamba likawa maduara matupu, mashimo ya wachimbaji, na mahema ya turubai. Leseni ilipotafutwa ikakutwa imekwisha kuandikwa kwa jina la mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Sasa mzee yule huwauzia maji kwa ndoo watu wanaochimba shamba lake.

Kwa hiyo Scolastika alilirudishia tuta udongo, akaliingiza jiwe katika chungu cha mbegu, chini kabisa, akalifunika kwa njugu mawe. Angeambiwa Ngassa peke yake, uso kwa uso, ndipo aende ofisi ya madini akaandikishe. Mpaka hapo, kinywa kifungwe kama mfuko wa unga.

Kitu kimoja tu alikifanya. Mchana mmoja Aneth akiwa kliniki, alivaa miwani yake yenye mguu mmoja, akaiuliza simu: *jiwe jeupe lenye kutu lina dhahabu*. Simu ilileta kurasa. Alipogusa wa kwanza, kabla hajasoma neno, kisanduku kikapanda kutoka chini na kuziba nusu ya kioo. Tovuti hii inatumia vidakuzi. Chini yake kitufe kikubwa cha kijani: Kubali vyote. Pembeni palikuwa na maneno mengine, madogo, rangi ya majivu, ambayo hayakusomeka hata kwa miwani.

Vidakuzi ni nini, hakujua. Lakini alijua hodi. Alizaliwa katika boma ambalo mtu akisimama mlangoni hukaribishwa kwanza, halafu ndipo huulizwa katoka wapi na anataka nini. Kumwacha mgeni akining'inia mlangoni ni aibu ya ukoo mzima. Akabonyeza. Ukurasa wa pili nao ukabisha hodi, akabonyeza. Wa tatu vilevile. Akasoma alichotaka, akafunga kurasa zote moja baada ya nyingine, kama mtu anavyofunga milango ya ghala, akaiweka simu kifudifudi. Kwake yeye jambo lile lilikuwa limeishia hapo. Ukiuliza kisima, kisima hakiendi kusimulia.

Sasa huyu wa mizani katoka wapi?

Kwa siku mbili zilizofuata alimwona mahali pengi. Kwenye habari za mvua alikuwepo. Kwenye maombi ya asubuhi ya parokia, chini ya zaburi, alikuwepo, na safari hii ameleta na mashine ya kusaga mawe. Scolastika aliisikia ile methali ya kikulacho ikimzunguka kichwani kama nzi, na kila ilipotua, ilitua kwa Aneth.

Maana Aneth alitoka Maganzo. Watu wa Maganzo, kwa maneno ya watu wa hapa Masumbwe, jiwe hulinusa kabla hawajaliona. Kaka yake, Eustace, ni dalali wa almasi pale barabarani, hutembea na kioo cha kukuzia mfukoni kama wengine wanavyotembea na leso. Jumapili Aneth alizungumza naye kwa simu nyuma ya jiko, sauti chini, na Scolastika alipopita alisikia anasema, "Huku viazi tu, kaka." Kwa nini mtu aseme viazi *tu*? Na nani hufagia chumba chenye chungu cha mbegu kila asubuhi?

Jambo lililomuuma ni kwamba alikuwa amempenda. Mwaka mmoja na nusu walimenya viazi pamoja wakitegana vitendawili mpaka wakalia kwa kucheka. Aneth alikuwa mkali wa kutega. Mtu akishindwa, hudaiwa mji, na Aneth hakuridhika na vimiji. Alikwisha kumnyang'anya mama mkwe wake Kahama, Shinyanga, Mwanza yote na daraja lake. Tangu yule wa mizani aingie, Scolastika aliacha kutega. Aneth alijaribu mara mbili, "Kitendawili, mayu," yaani mama kwa lugha ya kwao, akajibiwa kwamba viazi vingi na jua halisubiri. Hakujaribu tena.

Siku ya tatu Scolastika alikwenda kwa wifi yake, Asteria, dada wa marehemu mume wake, mwanamke wa maneno mengi na subira ndogo. Hakumwambia jiwe. Aliuliza kwa kuzunguka: kama ndani ya nyumba pana mtu anayemwaga maneno nje, hukamatwaje?

Asteria alikuwa akipepeta uwele. Alicheka bila kusimamisha ungo. Alisema kwamba enzi za kaka yake, wachimbaji wakisikia siri ya duara imetoka, kila mmoja alinong'onezwa uongo wake. Kisha husubiriwa uongo upi utarudi na upepo. "Ambaye uongo wake umerudi, ndiye," alisema. "Lakini wifi, nyumbani kwako mko wawili. Hapo unamtega nani, kuku?"

Jioni ile ile, wakila, Scolastika alisema kwamba jembe limemchosha. Mgongo. Anafikiri kuhama. Aende akodi chumba Kahama, pale Nyasubi, karibu na soko, auze michembe kama watu wa mjini. Alisema asiambiwe mtu yeyote, hata Ngassa.

Aneth aliacha kutafuna. "Utaniacha mimi na nani, mayu?"

"Ni fikra tu. Kaa nayo."

Uongo ulichukua siku nne kurudi. Scolastika alifungua simu asubuhi kutazama kama mvua itanyesha, maana michembe ikilowa mara moja huota ukungu na kazi ya wiki nzima hulishwa mbuzi. Yule wa mizani hakuwepo. Mahali pake palikuwa na picha ya mlango wa bluu na maneno: Vyumba vya kupanga Nyasubi. Maji na umeme. Piga sasa.

Nyasubi. Neno alilolitoa kinywani mwake mara moja tu, kwa mtu mmoja tu, juu ya sahani moja ya ugali.

Hakulia, wala hakugomba. Akaingia ndani, akavaa gauni la kanisani. Aneth alikuwa mlangoni na ndoo ya maji.

"Mwangaluka, mayu. Unatoka?"

"Mwangaluka." Nusu ya salamu, nusu nyingine akaimeza. "Nafika senta. Nakwenda na simu."

Mke wa mtu harudishwi kwao kwa simu. Simu huongopewa, hukatika, husingiziwa. Karatasi hushikwa. Njia nzima Scolastika aliitunga barua kichwani, barua ya heshima kwa mshenga aliyeunganisha nyumba hizi mbili: kwamba mimba imekua, kazi za shamba ni nzito, basi binti aje apumzike kwao mpaka ajifungue. Kila mtu wa Maganzo angeisoma na kusema vema, mimba ya kwanza ni desturi. Na baada ya kujifungua, ingetafutwa sababu nyingine, na nyingine, mpaka Ngassa azoee. Hivyo ndivyo mtu hufukuzwa bila mlango kupigwa.

Duka la steshenari la Wema lilikuwa pembeni mwa soko la Masumbwe: kompyuta moja, mashine ya fotokopi, kalenda ya miaka miwili nyuma. Wema mwenyewe alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, kichwa kimesukwa nusu, nusu kinasubiri msusi atoke kula. Alimwamkia, akaitikiwa, akavuta kiti. Aliandika upesi kama mvua juu ya bati huku Scolastika akitamka. Alipofika kwenye *apumzike*, vidole vikasimama.

"Mama, samahani. Apumzike, au asirudi?"

"Wewe andika apumzike."

"Naandika. Naona tu umelisema kama mtu anayetema mbegu."

Pengine ni kwa sababu Wema hakuwa ndugu wala jirani. Pengine mtu aliyebeba jambo wiki nzima hutafuta mahali popote pa kulitua. Scolastika aliitoa simu, akaifungua palepale kwenye mlango wa bluu. Alimweleza, bila kulitaja jiwe, kwamba kuna mtu ndani ya nyumba yake anayepeleka maneno kwa watu wa simu. Alisema neno Nyasubi mezani, na sasa hilo hapo.

Wema alilitazama tangazo, kisha akamtazama yeye, kisha tangazo tena. Hakucheka, na hilo lilimsaidia sana.

"Mama, simu hii mnatumia wangapi?"

"Wawili."

"Basi hakuna aliyepeleka neno kokote. Mmoja wenu aliuliza vyumba. Tovuti aliyoingia ikaacha alama ndani ya simu, ka-alama kadogo, ndicho wanachokiita kidakuzi. Ukirudi tovuti ile, inakutambua. Hiyo haina ubaya, bila hiyo ungeandika jina lako upya kila ukiingia. Ila ndani ya tovuti ile ile wamekaa pia watu wa matangazo, nao wanatia alama yao. Ukienda kwenye mvua wamo, ukienda kwenye maombi wamo. Wanaiona alama, wanasema, aha, simu hii ndiyo iliyouliza chumba. Wanakuletea chumba."

Scolastika alikuwa akiuona mnada wa ng'ombe wa Jumanne, na yule kijana wa kopo la rangi anayesimama langoni. Ng'ombe akipita, anapakwa mstari nyongani. Mnyama hana habari. Atakwenda kunywa maji, atakwenda kivulini, atachanganyika na wengine mia, na kila anayemwona anajua ni wa nani na amekwisha kutamaniwa na nani.

"Kama rangi ya mnadani," alisema.

"Ndiyo hiyo hiyo, mama. Ila ng'ombe hakuulizwa. Wewe uliulizwa."

"Nani kaniuliza?"

"Hakikuja kisanduku, ukabonyeza?"

"Kubali vyote," Scolastika alisema polepole. Kisha, kwa sauti ya mtu anayejitetea mbele ya wazee: "Mtu akibisha hodi utafanyaje?"

"Huyu si mtu. Tazama." Wema alifungua ukurasa mmoja, kisanduku kikapanda. Alivuta yale maneno madogo ya majivu kwa vidole viwili mpaka yakawa makubwa kama ya mabango. Kataa vyote. Jirani yake: Chagua. "Wanayaandika hivi makusudi, usiyaone. Ukikataa hujamtukana mtu, na ukurasa kwa kawaida unafunguka vilevile." Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, kweli, wala hakuna aliyenuna.

"Na yule anayesema anakuja nilipo?"

"Yupi?"

Scolastika aliuma ulimi. "Yeyote."

"Wanamwandikia kila mtu hivyo. Jina lako hawana. Pengine wanakisia mji. Wanachojua ni kwamba simu hii iliuliza kitu fulani." Wema alikuwa amekwisha kuingia kwenye mipangilio, faragha na usalama, kidole kikishuka haraka. "Nikufutie? Nafuta alama zote, halafu naziba hizi za watu wa pembeni zisiingie tena. Siku nyingine mkitaka kuuliza jambo la ndani, fungueni hali fiche, mkifunga inajisahau. Ila nikifuta, tovuti nyingine nazo zitawasahau, mtaandika nywila upya."

"Zinisahau."

"Na historia? Humu yameandikwa yote mliyowahi kuuliza. Ona."

Orodha ilifunguka kabla Scolastika hajasema ndiyo wala hapana. Alisogeza kichwa. Wema alikuwa akipandisha kidole, na kidole kikasimama mahali, pumzi moja, si zaidi, juu ya mstari unaosema *jiwe jeupe lenye kutu lina dhahabu*. Kisha kikaendelea kama kilichoteleza tu. Lakini Scolastika alikuwa amekiona kikisimama. Wiki nne alikuwa ameziba kila tundu la nyumba, na sasa amekuja mwenyewe, kwa miguu yake na gauni la kanisani, kumfungulia mlango mtu asiyemjua hata ukoo.

Kisha akaona mistari iliyo juu ya ule wa jiwe.

*Chumba cha kupanga Nyasubi.*

*Chumba Nyasubi chenye uwanja wa kuanikia michembe.*

*Vyumba viwili Nyasubi mama na mtoto mchanga uwanja wenye jua.*

Alisoma ule wa kati mara nyingi. Aliwaza mtu mwenye mimba ya miezi sita, ameketi nyuma ya jiko, anaandika kwa kidole kimoja kwenye kioo chenye ufa. Hakuomba chumba cha umeme wala cha maji. Aliomba jua la mama mkwe wake.

"Huyu ni nani?" aliuliza Wema.

"Ni wa nyumbani," Scolastika alijibu.

Aliomba vyote vifutwe. Aliomba na barua ifutwe, hata ile iliyobaki ndani ya kompyuta, akasimama nyuma ya kiti mpaka akaonyeshwa kwamba pipa la taka la kompyuta nalo limemwagwa. Wema alifanya kila alichoambiwa. Scolastika alipofika mlangoni aligeuka.

"Binti. Uliyoyaona humo."

"Mama, mimi naandika talaka, mashtaka na barua za mapenzi, zote kwenye kompyuta hii hii. Ningekuwa na mdomo, Masumbwe pasingekalika."

Lilikuwa jibu zuri. Huenda lilikuwa zuri mno. Scolastika aligeuka tena alipofika kwenye mizani ya pamba, akaona Wema ameshika simu yake mwenyewe, anaandika. Kila mtu huandika, alijiambia. Alijiambia hivyo njia nzima.

Nyumbani alikuta michembe imegeuzwa yote, na mlangoni pamekaa begi la Aneth, zipu imefungwa. Aneth alikuwa ameketi kando yake kama mtu anayesubiri gari.

"Umelifunga wewe?" Scolastika aliuliza.

"Nimeona umevaa gauni la kanisani siku ya Alhamisi, mayu. Na wiki hii hujanitegea hata kimoja. Nikasema nisubiri nikiwa tayari, nisikuchoshe kunifungia."

Scolastika alivuta kigoda. Alikuwa ameyapanga maneno, yakamtawanyikia kama kuku. Aliishia kuyasema yote ovyo: tangazo, mizani, kaka wa Maganzo, jinsi alivyodhani. Kwamba hahami, hajawahi kufikiri kuhama. Kwamba Nyasubi ulikuwa mtego. Alisema, "Nilikutega kwa uongo, ukanitafutia uwanja wenye jua."

Aneth alisikiliza akiyatazama magoti yake. "Ulinitega kama panya," alisema mwisho.

"Ndiyo."

"Nilimpigia hadi mwenye nyumba. Akaniuliza wapangaji ni wangapi, nikamwambia watatu, mmoja hajazaliwa." Alikung'uta vumbi gotini. "Na jiwe nalijua."

Scolastika hakuuliza jiwe gani.

"Tangu wiki ya kwanza. Simu ilianza kunionyesha mimi mizani na mashine za kusaga, na mimi sijauliza mizani. Kwetu simu tunazijua, ni mbea. Nikajua ni wewe uliyeuliza. Halafu siku moja nasogeza chungu nifagie, nikaona ni kizito kuliko njugu." Aliinua uso kwa mara ya kwanza. "Sikukifungua. Mkwe akificha kitu chunguni, mkamwana haoni. Eustace akauliza huko kuna nini jipya. Nikamwambia viazi tu."

Mbuzi wa jirani alikuwa anajisogeza kwenye jabali, na hakuna aliyesimama kumfukuza. Scolastika alitaka kusema *wabeja*, asante ya kwao, akaona ni neno dogo. Alitaka kusema nisamehe, akaona ni neno la kumtwisha mwenzake kazi nyingine. Aliuliza kama amekula.

"Bado."

Walikula. Begi lilibaki mlangoni, na kila mmoja alipopita alilikwepa kwa uangalifu, kama anavyokwepwa mtu aliyelala. Baada ya chakula Scolastika alimwambia yaliyobaki: kwamba binti wa steshenari ameliona neno kwenye historia, huenda ameelewa, huenda hakuelewa. Ngassa anarudi baada ya siku tisa. Na tuta la mwisho linaonekana kabisa kwamba limefukuliwa na kurudishwa. Mtu anayejua kutazama angejua.

Aneth alifikiri. Kisha akasema tuta lipandwe mihogo leo hii, udongo wote ufanane, mtu apite aone shamba la wajane. Scolastika alimkumbusha kwamba si mjane. Akajibu kwamba mume asiye na mtandao ni nusu ya marehemu, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi kitu kikajikunja pembeni mwa mdomo wake. Hakuwa amesamehe. Scolastika aliliona hilo pia.

Jua lilikuwa limeanza kuinama waliposhuka shambani na mafungu ya vijiti vya mihogo. Scolastika alilima, Aneth akachomeka, bila kuzungumza. Kutoka kijiti kimoja hadi kingine Aneth alikuwa anashika kiuno kwanza, na Scolastika aliposema pumzika, alitikisa kichwa.

Pikipiki ilitokea upande wa senta. Ilikuja taratibu kuliko kawaida ya pikipiki, ikapita mchongoma, kisha ikasimama. Mwendeshaji hakuzima injini. Alikuwa mwanamume wa koti zito, kofia ngumu kichwani, uso hauonekani. Alitoa simu, akaiinua juu usawa wa macho, akaielekeza huku, akaielekeza kule, kama mtu anayetafuta mtandao. Au kama mtu anayepiga picha.

Scolastika alishika mpini wa jembe, hakulinyanyua. Alisikia udongo ukikanyagwa kando yake. Aneth, bila kuambiwa, alikuwa ameacha mstari wake, akaja akasimama kwenye tuta la mwisho, kati ya barabara na mama mkwe wake, miguu imepanuliwa, tumbo mbele, kijiti cha muhogo mkononi. Akainama polepole, akakichomeka, akakishindilia udongo kwa kisigino.

Mwanamume yule bado alikuwa ameinua simu.